Jinsi ya Kuishi na Kufanya Kazi katika Kituo cha Hali ya Hewa Kileleni mwa Mlima Washington

Mlima Washington, ulioko katika jimbo la New Hampshire kaskazini-mashariki mwa Marekani, una kimo cha mita 1,917 tu kutoka usawa wa bahari. Mkazi wa Eldoret akiambiwa kwamba mlima huo na safu yake vimeua watu zaidi ya 150 tangu katikati ya karne ya 19, ataona ajabu, kwa kuwa yeye hulala kila usiku mahali palipoinuka kuliko hapo. Shida haitokani na uhaba wa hewa, bali na mahali mlima ulipokaa. Uko nyuzi 44 kaskazini mwa ikweta, karibu na makutano ya njia ambazo dhoruba nyingi za Amerika ya Kaskazini hupitia, na safu yake imelala kutoka kaskazini kwenda kusini, hivyo upepo utokao magharibi hukutana nayo kama ukuta, hubanwa, na huongeza kasi unapopanda ili kuivuka. Wastani wa upepo kileleni kwa mwaka mzima ni kilomita 56 hivi kwa saa. Siku zaidi ya 100 kila mwaka upepo hufikia kasi ya kimbunga, yaani kilomita 119 kwa saa na kuendelea, na kwa takriban asilimia 60 ya muda wote kilele huwa kimezama ndani ya mawingu.

Hapo juu kuna kituo cha hali ya hewa ambacho tangu mwaka 1932 kimekaliwa na watu usiku na mchana. Maelezo yafuatayo yamekusudiwa msomaji anayefikiria kwenda huko kwa kazi, kwa mafunzo ya vitendo au kwa kujitolea juma moja, ingawa sehemu kubwa itamfaa pia anayekwenda kituo kingine chochote cha mlimani penye baridi.

Elewa kwanza kwa nini mtu anahitajika

Swali hili si la kupuuzwa, kwa sababu mitambo inayojiendesha yenyewe ipo na inafanya kazi vizuri penginepo. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walisimika mtambo wa namna hiyo juu ya barafu ya kaskazini kileleni mwa Kilimanjaro, na hakuna aliyelazimika kuhamia huko ili kuulinda. Mlima Washington una jambo moja linalobadilisha hesabu: barafu ya ukungu. Matone ya wingu yanaweza kubaki maji hata yakiwa baridi kupita kiwango cha kuganda, mradi tu hayajagusa kitu. Yakipeperushwa na upepo na kugonga mlingoti, waya, ukuta au kope za mwangalizi, huganda papo hapo, na barafu hiyo hukua kuelekea upepo unakotoka, ikitoa manyoya meupe ambayo kwa saa chache huweza kukigeuza chombo chembamba kuwa gogo. Kipimaupepo cha vikombe kilichogandishwa hivyo kitaonyesha kwamba hewa imetulia kabisa ilhali nje mabati yanang'oka. Anayesoma namba hiyo akiwa Boston hawezi kujua kwamba amedanganywa. Mwangalizi yuko juu ili chombo kisipate nafasi ya kusema uongo, na ukilielewa hilo, taratibu nyingi za kituo ambazo mgeni huziona kama ukaidi wa kizamani zitakuonekea kuwa za lazima.

Matayarisho ya mwili na mzigo

Huhitaji kuwa mkwea milima hodari, lakini unapaswa kuwa na uwezo wa kushuka kwa miguu yako mwenyewe hadi chini ya mlima wakati wa baridi, kwa sababu siku moja usafiri unaweza kushindikana. Fanya mazoezi ya kutembea mwendo mrefu ukiwa na mzigo mgongoni, na usisitize mteremko kuliko mwinuko, kwa kuwa magoti ndiyo huchoka kwanza.

Kuhusu mavazi, wengi waliokulia nchi za joto hudhani kwamba dawa ya baridi ni koti moja zito. Sivyo. Adui wa kwanza ni jasho. Ukitoka nje ukiwa umejifunika kupita kiasi, ukagongagonga barafu kwa dakika kumi na kutoa jasho, kisha ukasimama kuangalia mawingu, unyevu ule utakunyonya joto la mwili haraka kuliko upepo wenyewe. Vaa nguo nyepesi za tabaka kadhaa: ya ndani iwe ya sufu au ya nyuzi za viwandani, ya kati iwe ya kutunza joto, na ya nje iwe ya kuzuia upepo. Fulana ya pamba iache nyumbani, kwani ikilowa haikauki. Beba jozi tatu za glovu, nyembamba za kuvaa ndani ya zile nene, ili hata unapohitaji vidole kwa kazi ndogo ngozi isiguse chuma. Beba pia kinyago cha uso, miwani ya theluji inayoziba pande zote, taa ya kufunga kichwani, na njumu za kufunga chini ya viatu. Wakati wa baridi kali sehemu yoyote ya ngozi iliyoachwa wazi huweza kuganda kwa dakika chache, na dalili ya kwanza si maumivu bali ni ganzi, jambo linalowapoteza wengi.

Ndani ya jengo, kwa upande mwingine, kuna joto la kutosha. Ndara na nguo za kawaida za nyumbani zitakufaa zaidi ya unavyofikiri. Kama unatumia dawa za kila siku, chukua za zamu nzima pamoja na za siku nne au tano za ziada.

Safari ya kupanda

Wafanyakazi wamegawanyika katika makundi mawili yanayopokezana kila Jumatano, na kila kundi hukaa juu siku nane, kwani siku ya kupokezana huhesabiwa kwa wote wawili. Barabara ya kupandia, iliyofunguliwa mwaka 1861, ina urefu wa kilomita 12 na ushei. Majira ya kiangazi gari la kawaida huimaliza bila taabu. Majira ya baridi mnapandishwa na gari la minyororo mfano wa katapila, lenye kibanda cha abiria nyuma na sepeo kubwa mbele la kusukumia theluji, na safari yaweza kuchukua saa moja na nusu au ikachukua nusu siku, kutegemea malundo yaliyorundikwa na upepo usiku. Sehemu ya juu ya barabara, ambako miti imekoma, dereva huweza kukosa kuona hata ncha ya sepeo lake. Akisema mnageuza, mnageuza, na hakuna mjadala. Kwa sababu hiyo usikate tiketi ya ndege ya Alhamisi asubuhi baada ya zamu. Mtu aliyekwama kileleni kwa siku mbili zaidi hana wa kumlaumu.

Kumbuka pia kwamba chakula cha juma zima, vipuri na barua hupanda kwa gari hilohilo, na kila abiria, awe mkuu wa zamu au mwanagenzi wa siku ya kwanza, hushika sanduku. Namna unavyopakua mizigo Jumatano ndiyo itakayoamua jinsi wenzako watakavyokuona hadi Jumatano ijayo.

Kipimo cha kila saa

Kiini cha kazi ni kutoka nje mara moja kila saa, saa zote ishirini na nne, bila kujali sikukuu. Kipimo hufanyika dakika chache kabla ya saa kamili, ili taarifa ikamilike na kutumwa kwa mamlaka ya taifa ya hali ya hewa ikiwa bado mbichi.

Anza kwa kuangalia, kabla ya kusoma namba yoyote. Simama mahali palipokingwa, macho yazoee, kisha jiulize: mbingu imefunikwa kwa kiasi gani, mawingu ni ya aina gani, na je, mengine yako chini ya miguu yako? Huku mlimani hutokea mara kwa mara kwamba bonde lote limefunikwa na tandiko la mawingu na wewe umesimama juu yake juani, na hilo nalo huandikwa. Upeo wa kuona hupimwa kwa alama zinazojulikana umbali wake. Siku angavu kabisa vilele vilivyo umbali wa kilomita 200 hivi huonekana, na siku za ukungu alama zako zitakuwa nguzo na kuta za hapo hapo kileleni. Ukiona nguzo ya pili lakini ya tatu huioni, jibu unalo. Usiku hutumika taa za miji iliyo mbali. Ni kosa kukadiria kwa hisia, kwa kuwa jicho lililochoka huongeza umbali.

Halijoto na unyevu wa hewa hupimwa kwa vipimajoto viwili vilivyofungwa pamoja kwenye mpini na kuzungushwa hewani kwa mkono, kimoja kikiwa kikavu na kingine kikiwa kimevishwa kitambaa kilicholoweshwa. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo inayotoa unyevu. Kazi inaonekana rahisi mpaka baridi ishuke chini ya sifuri, ambapo maji ya kwenye kitambaa yanaweza kuendelea kuwa maji yakiwa yamepoa kupita kiasi, au yakawa yameganda, na kila hali ina jedwali lake la hesabu. Hakikisha kitambaa kimeganda kabla ya kusoma, ukilazimika kiguse kwa kitu chenye barafu ili kigande. Soma haraka, usikipumulie kipimajoto, na soma sehemu za desimali kwanza kabla ya namba nzima, maana joto la uso wako hubadilisha hizo za mwisho mapema. Vipimajoto vya zebaki havifai katika baridi iliyokithiri kwa kuwa zebaki yenyewe huganda karibu na nyuzi 39 chini ya sifuri katika kipimo cha Selsiasi, na kileleni hapa imewahi kufika nyuzi 44 chini ya sifuri. Kwa hiyo hutumiwa vya alkoholi.

Kisha inakuja kazi ya mtaimbo. Vyombo vya upepo viko juu ya mnara, na hupandiwa kwa ngazi iliyomo ndani yake. Kipimaupepo kinachoaminika zaidi hapa hakina vikombe. Ni bomba lililo wazi upande wa upepo, linalopima msukumo wa hewa na lenye umeme wa kulipasha moto. Hata hivyo barafu hujenga kwenye nguzo na vyuma vinavyolizunguka na kuuvuruga upepo kabla haujalifikia. Gonga nguzo, usigonge chombo. Mtikisiko hutosha kuangusha manyoya ya barafu, na palipokataa piga tena chini kidogo. Simama upande unakotoka upepo ili vipande viruke mbali nawe, na uhakikishe hakuna mtu upande wa pili. Ukungu ukiwa mzito, mara moja kwa saa haitoshi.

Umuhimu wa kazi hii ulionekana vizuri mnamo tarehe 12 Aprili 1934. Kituo kilikuwa nyumba ya mbao iliyofungwa kwenye mwamba kwa minyororo. Mwangalizi Wendell Stephenson aliamka alfajiri, akaona kwamba kasi iliyoandikwa na chombo hailingani na kishindo alichokuwa akikisikia nje. Angeweza kuiamini namba na kurudi kulala. Badala yake alivaa, akatoka katika upepo ule na kupanda kuivunja barafu. Mchana wa siku hiyo, yeye na wenzake Salvatore Pagliuca na Alexander McKenzie wakapima kilomita 372 kwa saa, na chombo kilipopelekwa kukaguliwa upya kikaonekana kuwa sahihi. Rekodi hiyo ilidumu duniani hadi kimbunga Olivia kilipopita Kisiwa cha Barrow, Australia, mwaka 1996 na kupimwa kilomita 408 kwa saa, ila kule chombo kilikuwa peke yake. Kwa upepo uliopimwa na binadamu aliyekuwepo mahali pale, ya 1934 bado haijavunjwa.

Kila baada ya saa sita, pamoja na kipimo cha kawaida, hubadilishwa pia kopo la mvua na theluji: saa saba usiku, saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja jioni kwa majira ya baridi ya huko. Ni rahisi kuzikumbuka, kwa kuwa ni saba na moja, saba na moja. Kopo lililojaa theluji usiliweke jikoni juu ya moto, kwa sababu sehemu ya maji itapotea kwa mvuke. Mimina maji ya vuguvugu uliyoyapima, acha iyeyuke, pima jumla, kisha toa uliyoongeza. Na utambue kwamba theluji ya hapa husafiri kwa ubavu, hivyo nyingine hulipita kopo bila kuingia. Ndiyo maana kopo lina kizingio cha vibati vinavyopunguza kasi ya upepo mdomoni mwake.

Kama kipimo cha saa fulani hakikuwezekana, acha nafasi tupu na uandike sababu. Namba iliyobuniwa ni mbaya kuliko barafu, kwa kuwa barafu angalau huonekana.

Zamu ya usiku

Mwangalizi wa usiku huwa macho peke yake kwa karibu saa kumi na mbili, wengine wakiwa wamelala chini. Mbali na vipimo, huandaa utabiri wa vilele unaosomwa asubuhi na wapanda mlima, na ni vyema akumbuke kwamba kuna mtu ataamua kupanda au kutopanda kwa sentensi yake. Asiyezoea upweke asiombe zamu hii katika juma lake la kwanza.

Maisha ndani ya jengo

Sebule, jiko na vyumba vya kulala vyenye vitanda vya juu na chini viko ghorofa ya chini ya jengo la zege lililofunguliwa mwaka 1980. Faragha ni haba na maji hutumiwa kwa uangalifu, kwa hiyo kuoga kwa muda mrefu huhesabiwa kuwa utovu wa adabu. Usipige kelele mchana, kwa kuwa wa usiku amelala.

Chakula cha jioni ndicho kikao cha pekee kinachowakutanisha wote, na chakula hicho kwa wa usiku ni kifungua kinywa. Kwa kawaida upishi hufanywa na wafanyakazi wa kujitolea wanaopanda na kundi kwa juma moja, na hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anaweza kujipatia jina. Funga bizari yako ya pilau, iliki na karafuu katika mfuko mdogo, kwani hutazipata juu. Maji huchemka yakiwa karibu nyuzi 94, kama yanavyofanya katika miinuko ya Kenya, kwa hiyo maharage yaloweke tangu usiku au utumie sufuria ya kubana mvuke. Muislamu abebe dira na ratiba ya swala iliyoandikwa, kwa sababu jua laweza kukosekana juma zima na mwezi hali kadhalika. Na anayepiga simu nyumbani majira ya baridi akumbuke tofauti ya saa nane: saa moja asubuhi kileleni ni saa tisa alasiri Nairobi na Dar es Salaam.

Kuna pia paka. Kituo kimefuga paka kwa miongo mingi, na wa sasa, Nimbus, alichukuliwa mwaka 2021. Usimwachie mlango wazi wakati wa dhoruba.

Upepo ukizidi

Nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa kasi yake: kasi ikiwa mara mbili, msukumo ni mara nne. Mtu aliyestahimili kilomita 80 kwa saa akadhani 160 ni mara mbili tu ya ile atajikuta amelala chini. Usitoke bila kumwambia mtu, na taja pia saa utakayorudi. Shika mlango kwa mikono yote miwili kabla ya kuufungua. Tembea umeinama, miguu imetanuka, ukiuelekea upepo kwa bega, na utambue kwamba hatari kubwa ni pale upepo unapokatika ghafla na wewe umeuegemea. Radi ikisikika, kipimo cha nje kinasubiri.

Kuna mchezo wa waangalizi wa kuzunguka baraza lote la nje upepo ukiwa unazidi maili 100 kwa saa bila kuanguka wala kujishikiza popote, na wachache waliofaulu hujivunia. Sioni sababu ya mgeni kuujaribu. Tarehe 4 Februari 2023, halijoto iliposhuka hadi nyuzi 44 chini ya sifuri na upepo ukaifanya ngozi ihisi nyuzi 78 chini ya sifuri, waangalizi walikuwa na sababu za kutosha za kutoka nje bila kuongeza mchezo.

Kukabidhi zamu

Jumatano asubuhi safisha jiko, funga taka zishuke nanyi, na uandae daftari kabla gari halijafika, kwa maana muda wa makundi mawili kukaa pamoja ni mfupi na dereva huwa anatazama mawingu. Mwonyeshe anayekupokea chombo kilichokuwa kikikusumbua, umpeleke hadi kilipo badala ya kumwelezea mezani. Mwambie barafu imekuwa ikijenga upande gani, glovu zipi za kituo zimetoboka, na kopo lipi linavuja. Kisha fungua daftari, umwonyeshe saa ambazo hukuweza kutoka nje, ili asije akadhani umesahau akazijaza.